Kucha za Harusi ya Kinya

Githongo, Alhamisi

Bado nausikia ule mlio wa uzi mnene wa gitaa, ukitoka chini ya kidole gumba huku vidole vingine vikiendelea na wimbo juu yake. Wiki zote hizi kidole gumba kilikuwa kikisimama kila vingine vilipotembea. Leo hakikusimama. Nimeupiga wimbo mzima wa mapenzi, ule ambao mwimbaji wetu wa huku mlimani huupiga kwa vidole tu, na sikukosea hata pale unapopanda.

Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kisha dada yangu Kinya akaingia. Anaolewa Jumamosi, na kesho wapambe wake wote tunabandikwa kucha ndefu nyekundu. Kwa kucha hizo mkono wa kushoto hauwezi kukandamiza uzi.

"Nataka kukupigia huu kwa harusi," nikamwambia.

"Na kucha?"

"Siwezi nikiwa nazo."

"Haki Makena! Kwa picha utakaa kama umetoka kuchuma kahawa. Gitaa ama gauni, chagua."

Alicheka, lakini hakuwa akitania. Naogopa ataona nimekosekana kila akitazama zile picha. Naogopa pia nitakosea mbele ya kanisa zima. Lakini mwaka mzima nimeumia ncha za vidole kwa ajili ya...

Gauni langu la upambe nimempelekea binamu yetu Karimi kabla ya chakula cha jioni, asimame badala yangu. Limemkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.