Dawa Wakati wa Futari

Jumatano, 17 Januari 1996

Wagonjwa wote wamefika mapema. Vidonge, kikombe cha maji, mdomo wazi, anayefuata. Nesi Eliwaza anagawa, mimi nashuhudia. Huu ndio utaratibu niliouandika mwenyewe kwa ajili ya mradi: mgonjwa wa kifua kikuu haendi na vidonge nyumbani; anavimeza hapa, kwenye benchi la zahanati, mbele ya macho yetu. Mpaka sasa hajatoroka hata mmoja.

Mratibu wa mradi amepita na gari akielekea Mlola. Wafadhili watakuja mwanzoni mwa Februari. Wakikuta benchi limejaa, atanipendekeza kwa ajira ya kudumu. Nina mkataba mfupi tu. Wenzangu niliohitimu nao Mlimani wanazunguka Dar es Salaam na bahasha za vyeti. Serikali haiajiri tena, inapunguza. Naitaka nafasi hii. Naitaka sana.

Hadija amekuja wa mwisho, tenga la karoti kichwani, kama mtu apitaye tu kwenda sokoni. Mjane, umri kama wangu. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori la kabichi. Hospitalini alielezwa mambo mawili: ana kifua kikuu, na ana virusi vya UKIMWI. Anayajua yeye, nesi na mimi. La pili halina dawa. La kwanza linayo, na ndilo linalowaua upesi wenye la pili. Nilimuuliza kinachompa moyo wa kuja kila siku. Alisema, "Kifua kikipona nitapumua. Nikipumua nitalima." Nimelitafakari jibu hilo mchana kutwa.

Wiki ijayo ni Ramadhani. Kijiji karibu chote ni Waislamu. Sikuliwaza hili nilipopanga saa za asubuhi.

Alhamisi, 18 Januari

Ufumbuzi umepatikana. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Hata mimi, Mkatoliki wa Gare, najua. Kinachohitajika ni mwenye mamlaka kulisema hadharani. Nimemwendea shehe. Shikamoo, maelezo mafupi, amekubali papo hapo. Nesi Eliwaza, ambaye ni Mlutheri, ameona ni wazo zuri. Nimejipongeza.

Ijumaa, 19 Januari

Shehe ametangaza baada ya swala, kwa kipaza sauti. Wanaomeza dawa za kifua zahanati wasifunge, dini imewaruhusu, na asiwepo wa kuwasema. Maneno mazuri kuliko niliyomwomba. Niliyasikia nikiwa barabarani, nikatabasamu peke yangu. Nimeanza rasimu ya taarifa: "ushirikishwaji wa viongozi wa dini". Sentensi imekaa vizuri.

Jumanne, 23 Januari

Mfungo wa kwanza. Benchi tupu, isipokuwa mzee mmoja Mkristo na kikohozi chake. "Leo mmenijengea kanisa langu peke yangu," alitania. Nesi alicheka. Mimi sikuweza.

Jumatano, 24 Januari

Vilevile.

Alhamisi, 25 Januari

Nimeshuka bondeni. Hadija alikuwa akimwagilia karoti kwa kopo, midomo imekauka. Amefunga. Vidonge hajameza tangu Jumatatu. Hakunisalimu.

"Dada, umenitangaza."

Nilijitetea kwamba hakuna jina lililotajwa.

"Jina la nini? Siku zote mtu akipanda zahanati ana lake: mtoto, jino, homa. Mwezi huu akionekana ameshika kikombe asubuhi, ni kifua. Na kifua siku hizi kina jina jingine. Si nyinyi wasomi mliolibandika kwenye mabango?"

Anaishi na mama mkwe wake, Bi Mariamu, ambaye ameambiwa ni pumu. Shamba ni la ukoo wa mume. Neno likienea, mashemeji watamrudisha kwao, na mtoto wake atabaki huku. Kwa hiyo anafunga ili aonekane anafunga. Nilimweleza kwamba akiacha dawa mwezi mzima ugonjwa utarudi na nguvu, na pengine vidonge hivi havitamsaidia tena. Akasema anajua. Akajaza kopo.

Nimepanda kilima kwa aibu.

Jumapili, 28 Januari

Misa, Gare. Mahubiri sikuyasikia. Wakati wa Kwaresima mimi hufunga, na mama hugundua tu kwa kuwa nimeacha sukari. Kufunga kwetu ni siri ya mtu na Mungu wake. Kule, mwezi huu, watu wote hufunga pamoja na kufungua pamoja. Anayekula mchana anaonekana kama moshi juu ya paa. Mimi niliwaombea ruhusa ambayo tayari walikuwa nayo. Walichokuwa wakihitaji ni stara, nami nikawavua kwa kipaza sauti.

Jambo la pili. Dawa humezwa mara moja kwa siku. Asubuhi niliichagua mimi, kwa sababu ndiyo saa ya kazi, na ndiyo saa ya wageni. Zimezwe wakati wa futari. Lakini saa hiyo zahanati imefungwa. Basi nyumbani. Na shahidi awe nani?

Jumatatu, 29 Januari

Mratibu amekataa. Vidonge havitoki zahanati. Wageni wanakuja kuona benchi, si kusikia hadithi. "Waite hata wenye mafua, wakae," amesema. Naogopa kukosa kazi. Naogopa pia siku watakayoniita kwenye mazishi ya Hadija.

Jumatano, 31 Januari

Vidonge nimevitoa. Nesi Eliwaza alivitia kwenye bahasha bila kuniuliza.

Mchana nilimwambia Hadija kwamba lazima awepo mtu wa kumwona akimeza, na mtu huyo awe wa nyumbani. Alilia. Kisha akasema atasema mwenyewe, na atasema kifua tu.

Magharibi tulikuwa jikoni, mimi kwenye kigoda, Bi Mariamu akikoroga uji. Adhana ikalia. Tukafungua kwa maji ya moto, hata mimi niliyekula mchana. Hadija akaweka kikombe chini.

"Mama, si pumu. Ni kifua kikuu. Nina dawa."

Bi Mariamu hakuacha kukoroga.

"Pumu! Mwanangu naye alikuwa na pumu hiyohiyo. Nikanyamaza asione haya, naye akanyamaza nisiogope. Tukanyamaziana mpaka tukamzika." Ndipo akanigeukia. "Na wewe, mtoto wa Gare. Habari za jiko langu ukazipeleka msikitini. Hapa mlangoni hukuona pa kupigia hodi?"

"Nisamehe, mama."

"Lete hizo dawa."

Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. "Hongea, mwanangu," akanishukuru kwa Kisambaa akiipokea, kana kwamba nimemletea chumvi. Akamtilia Hadija vidonge kiganjani, akamtazama akimeza, akamwambia apanue mdomo. Kisha akammiminia uji. Hakuuliza kama lipo jingine. Nadhani analijua.

Jumanne, 6 Februari

Wageni wamefika. Benchini alikaa mzee yuleyule mmoja. Wenye mafua sikuwaita. Nilieleza yote kwa Kiingereza nilichokuwa nimekiandaa kwa hotuba nyingine kabisa: kosa langu, futari, dawa zinazomezwa majumbani. Wagonjwa wengine nao wameomba iwe hivyo, kila mmoja na mtu wake. Mgeni mmoja aliuliza ni mtaalamu gani anayehakikisha. Nikamjibu: mama mkwe. Akaandika kitu. Mratibu alikuwa akitazama mlima.

Kabla ya kupanda gari alinivuta kando. "Umeniaibisha."

Ijumaa, 16 Februari

Mkataba hautaongezwa. Unakwisha Machi. Nimelia, kisha nimefua nguo. Nesi Eliwaza anasema ataendelea kutoa dawa za magharibi mpaka aje mtu wa kumkataza kwa maandishi, na anawajua wakubwa: kuandika wanachelewa.

Bado naitaka nafasi ile. Sijifichi.

Jumatano, 21 Februari. Idd

Nimealikwa kwa Bi Mariamu. Uani walijaa mashemeji, majirani, watoto wenye nguo mpya za mitumba. Sahani zilipoanza kupita, Bi Mariamu aliita kutoka mlangoni, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde: "Hadija! Kwanza dawa yako ya kifua. Pilau haina miguu."

Vijiko vilisimama. Hadija naye alisimama katikati ya ua. Bi Mariamu akamletea kikombe mwenyewe, akabaki pale, mkono kiunoni, akiwatazama watu na si Hadija. Hadija akameza.

Shemeji mkubwa alikuwa wa kwanza kusema. Aliomba asogezewe kachumbari. Mazungumzo yakarudi kwenye bei ya kabichi.

Hadija alikuja kukaa karibu nami na sahani moja ya sisi wawili. Alikula taratibu. Kikohozi kimepungua. Lile la pili lipo, hatukuligusa. Aliniuliza kama kwetu Gare mvua imeanza kunukia. Nikasema bado. Tulikaa kwenye jua jepesi mpaka chai ikapoa.