Neno la Mama Nisilolitafsiri

Lagangabilili

Mjukuu wangu Minza,

Mwangaluka. Nisamehe kwa kukaa miezi mitatu bila kukujibu. Bibi yako hajambo, ila goti linamsumbua. Pamba tumekwisha kuipalilia.

Umeuliza kama ni haki wakili wa Serikali amwite yule mama wa Bariadi atoe ushahidi dhidi ya mwanawe, anayeshtakiwa kumuua baba yake mzazi. Huku sokoni wamegawanyika.

"Amwite! Nani mwingine aliyeona?"

"Wee, mama gani amfunge mwanawe? Atadanganya tu."

Nilipokuwa mwalimu kijana, niliitwa mahakamani kutafsiri Kisukuma katika kesi kama hiyo. Mama mmoja wa Zagayu aliulizwa ni nani aliyempiga mumewe. Kabla ya kujibu, alimgeukia mwanawe kizimbani, akamwuliza kwa Kisukuma, "Baba, umekula?" Ndivyo mama zetu wanavyowaita wana wao.

"Amesema nini?" Jaji akaniuliza.

"Haihusu kesi, Mheshimiwa."

Kisha mama akanyoosha kidole. "Ni huyu." Hilo nililitafsiri kwa ukamilifu, likaandikwa. Alipotoka nje, ndugu wa mume hawakumsogelea, na wa kwao hawakuwapo. Nami nilipita kando yake nikaenda zangu.

Kwa hiyo sihofu kwamba mama huyu atadanganya. Nahofu kwamba atasema kweli. Wakiamua kumwita, nitakwenda Bariadi kumsubiri nje ya mahakama. Uamuzi ukitoka, nitakuandikia.

Babu yako