Tumbo Lisilo na Mtoto

Jumatatu, 3 Juni
Uji wa mchele, bila sukari. Tumbo limejaa vilevile. Hata saa nne haijafika nimeshafungua kishikizo cha sketi, mimi fundi cherehani ninayewashonea watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo nguo zikawakaa. Nimeshaambiwa amiba. Nimeshaambiwa vidonda vya tumbo. Wa mwisho alisema "gesi tu," akacheka. Miaka yote hii, gesi tu! Nimechoka.

Wiki ijayo madaktari wageni wanakuja na mashine ya kupima pumzi. Wanashuku bakteria wamezidi kwenye utumbo mwembamba. Ionekane tu, niache kuitwa mdekaji.

Alhamisi, 6 Juni
Petro kampigia mama yake, Urambo. "Mke wangu ana tumbo, anakwenda kupimwa." Nikasikia vigelegele kwenye simu. Mume wangu huyu! Ndoa haijapata mtoto hadi leo, halafu unamwambia mama yako mke ana tumbo.

Amesema atampigia amweleweshe. Hajapiga.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe kafika. Kuku na dumu la asali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa tumboni kwangu. Petro akakumbuka ana safari ya dukani.

Jumatatu, 10 Juni
Asali asubuhi, asali jioni. Cha mama mkwe hakikataliwi, nakunywa. Asali na tumbo langu haviivi chungu kimoja. Nimejikunja kitandani mchana kutwa. Yeye anafurahi: "Anacheza huyo."

Leo namchukia Petro.

Jumanne, 11 Juni
Kesho kipimo. Leo ni wali mweupe na kuku wa kuchemsha tu. Maharage hapana, matunda hapana, asali ndiyo kabisa. Nikikosea, kipimo kimeharibika, na mashine inaondoka na wenyewe.

Jioni mama mkwe akaniletea maziwa, kayakorogea asali. Nikamtazama Petro. Petro anatazama viatu vyake. Basi nikasema mwenyewe.

"Mama, nisamehe. Hakuna mtoto. Hili tumbo ni ugonjwa."

Akaweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Tangu kabla hujanipokea kwako."

Akaenda kulala bila kula. Nimelia, kisha nikaona aibu kulia, maana aliyenyang'anywa mjukuu ni yeye.

Jumatano, 12 Juni
Nimemkuta Mama mlangoni kajifunga kitenge cha safari. Nilidhani anarudi Urambo. Kumbe ananisindikiza.

Nikanywa maji ya sukari ya kipimo waliyonipa madaktari. Nikapuliza kwenye mfuko. Nikakaa. Nikapuliza tena. Asubuhi nzima hivyo. Mama kwenye benchi, ananingoja.

Wapo. Bakteria wamezidi, mashine imeonyesha. Dawa nimepewa, na nimeambiwa huenda wakarudi. Nilidhani nitafurahi. Nilitaka kulala tu.

Jumapili, 16 Juni
Dawa zinanipa kichefuchefu. Kanisani sikwenda. Petro kaenda peke yake, Mama kabaki na mimi.

Jirani yetu Mama Rehema kapita uani. Nikamsikia kutoka chumbani: "Hongereni jamani, tumesikia!"

Mama akatoka. "Hapana, mwenzangu. Mwanangu anaumwa. Anaumwa siku nyingi."

Halafu akamwomba apunguze sauti, nimelala. Nilikuwa macho. Nikayafumba.