Majalada ya Mzee Picha

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Fundi Gundi
Umri: miaka 54
Kazi: kujalidi vitabu
Makazi: chumba cha nyuma ya karakana yangu

Naeleza kwa hiari yangu juu ya mikono ya Mzee Picha, maana mtaani wanasema mimi ndiye niliyemchoma.

Mnamo Jumanne tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, binti yake aliniletea maboksi mawili ya majarida ya zamani. Mzee aliyakusanya kwa miaka mingi, kwa vinyozi, kwa wauza karatasi chakavu, popote pale. Binti akasema, "Fundi, mende wanayamaliza. Nifungie yawe vitabu, nataka baba ayakute yamependeza." Nikamwambia waje Ijumaa.

Sisi wajalidi tukipewa majarida tunachomoa pini kwanza, tunang'oa majalada na kurasa za matangazo, ndipo tunashona. Ndivyo nilivyofundishwa na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Karatasi ya jalada ni ngumu, inawaka vizuri, kwa hiyo huitia kwenye jiko la mkaa ninalochemshia gundi. Wanasema mazoea yana taabu. Mimi nilikuwa nasikia tu.

Ijumaa tarehe 12, saa nne asubuhi, walikuja wote wawili. Mzee alikuwa na furaha, akanitania, "Fundi Gundi, nasikia umeyavalisha suti majarida yangu!" Akafungua kitabu cha kwanza. Akafungua cha pili. Akauliza, "Picha za mwanangu ziko wapi?"

Binti akaanza kulia. Ndipo nilipojua kwamba picha za majalada yale zilichorwa na mtoto wa kiume wa mzee, ambaye ni marehemu. Ya ndani mzee hakuwahi hata kuyasoma.

Nilitazama jiko tu, naye akafuata macho yangu. Akaenda, akaingiza mikono yote miwili kwenye makaa, akawa anapekua. Nikamvuta kwa nguvu, tukaanguka chini, gundi ya moto ikamwagika. Majirani walipoingia walinikuta nimemlalia, ndiyo maana walinipiga. Siwalaumu.

Jana jioni nilikwenda hospitali kuomba msamaha, nikalia kabla hata ya kusalimia. Mzee alikuwa amefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Akaniambia, "Keti, fundi. Wewe ndiye mtu wa mwisho kuziona. Anza na ile uliyoing'oa kwanza. Alichora nini?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, sikuziangalia."

Akageukia ukutani. Nilikaa pale mpaka muuguzi akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na kuyaona, sina cha kuongeza.

Sahihi: Fundi Gundi

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali kwamba ndivyo alivyosema.