Beseni la Paka Wako

Mwanangu,

Sisi wazima, ila paka wako atanitia wazimu. Beseni lake la mchanga halitaki kabisa. Juzi amekojolea suti ya mteja wangu, bwana harusi, niliyotoka kuipiga pasi! Nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Haumwi, mzee. Beseni ulilihamisha?"

Kweli nililihamisha. Siku ile tuliyogombana ukaondoka, nililitoa chumbani kwako nikaliweka kando ya cherehani, kisha nikafunga chumba kwa kufuli. Nani atajisaidia kwenye kelele zile?

Jana nimelirudisha pale pale, chini ya dirisha lako. Amelitumia bila kubembelezwa.

Basi mlango wako sasa unashinda wazi na kulala wazi. Ni kwa ajili ya paka, usije ukafikiria mengine.

Ni mimi baba yako, mkorofi yule yule.