Dua Yangu Imemponza Binti Yangu

Dada Jelimo mpendwa, naomba unisaidie na naomba upesi, kwa sababu Alhamisi ijayo binti yangu anaitwa kwenye kikao cha nidhamu na aliyekosa ni mimi, na hakuna anayejua isipokuwa Mungu, na sasa wewe. Majina nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Mayfair, nauza vitambaa kwenye duka la Msomali, binti yangu nimwite Mayasa, amezaliwa hapa hapa Joburg, Kiswahili anakisikia ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Alifeli hisabati gredi ya kumi na moja, shule ikasema hapandi matriki, darasa la mwisho, mpaka alikomboe lile somo kwenye programu ya kurudia masomo mtandaoni, unasomea nyumbani kwa laptopu na mtihani unafanyia nyumbani, lakini kuna kanuni za mwenendo ambazo mzazi na mtoto wanasaini, kamera iwashwe, maikrofoni iwashwe, simu isiwepo, na asiwepo mtu mwingine chumbani. Nilisaini, Dada, na Kiingereza changu ni cha kuuzia vitambaa.

Kwenye jaribio la kwanza niliingia na chai na sahani ya chapati, nikamwona mwalimu mle kwenye kioo, mtu mzima, anatutazama, sasa mgeni yuko chumbani kwangu nimpite hivi hivi kama nguzo? Nikamwamkia, nikamkaribisha chapati, Mayasa akajifunika uso, "Eish, Mama!" Kumbe nimevunja kanuni, tukapewa onyo, na onyo linasema kosa kama hilo likirudiwa mtoto anaweza kutolewa kwenye programu. Baba yake akasema siku ya mtihani nisikanyage humo ndani, nikaapa.

Siku ya mtihani nikaaga, nikafunga mlango kwa kishindo asikie nimetoka, nikafika mpaka kwenye robot, hizi taa za barabarani, pale kona, ikawaka kijani na miguu haiendi, moyo umekataa. Nikarudi nikinyata, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikajibanza nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu, nikaanza kumwombea, kwa kunong'ona, Dada, wallahi kwa kunong'ona, nikawa narudia, "Ee Mola wangu, si kwa akili yake, si kwa akili yangu, ni kwa uwezo wako." Nilipoona anakaribia kumaliza nikatoka kama nilivyoingia, nikarudi na maziwa kama mtu aliyetoka spaza, kiduka cha mtaani.

Kumbe maikrofoni imeninasa. Shule wanasema inasikika sauti ya mtu akimtajia majibu, herufi A, herufi C, tena C, na mtihani wenyewe ulikuwa wa kuchagua herufi. Jirani yangu Duni aliponisomea ile barua pepe nilimwambia arudie, maana hiyo A yao ya Kiingereza ni "Ee" yangu na hiyo C ni "si" yangu! Walipompigia Mayasa aliwaambia ni yeye alikuwa anajisomea kwa sauti, na kamera inaonyesha midomo yake imefumba, kwa hiyo sasa ana makosa mawili, kusaidiwa na kusema uongo. Nikamuuliza kwa nini alisema vile, akanitazama, akasema, "Mama, acha tu, sharp?" akapanda kitandani na viatu vyake.

Baba yake anajiandaa kwenda kuwaapia kwamba siku ile nyumba haikuwa na mtu. Duni anasema niseme ilikuwa redio. Nikisema ukweli ni kosa la pili na anatolewa, nikinyamaza anaitwa mwongo na mwizi wa mtihani, na matriki ndiyo basi. Silali, nikiona ujumbe wa shule naigeuza simu kifudifudi, na kubwa kuliko yote, hata kuomba sasa naogopa kufungua mdomo. Nifanye nini, Dada?

Mama wa Nyuma ya Pazia, Mayfair

*

Mama wa Nyuma ya Pazia, pole. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Alhamisi. Nimecheka kwenye chapati, sikufichi. Nilipofika kwa Mayasa na viatu vyake kitandani, kicheko kiliniisha.

Kwanza nikugombeze. Ulisaini kitu usichokisoma, wakati una jirani anayejua kusoma. Ukapewa onyo, ukaapa, halafu ukafunga mlango kwa kishindo ili mwanao aamini umetoka. Hapo, mama, ulikuwa bado hujaanza dua, ulikuwa kwenye ujanja. Yule mwalimu hawezi kufunua pazia lako aone nani yuko nyuma yake. Anachoweza ni kuwaamini, ndiyo maana mkasainishwa. Kwetu kumpita mgeni bila salamu ni kukosa adabu, kweli kabisa. Kwenye mtihani ule adabu yako ilikuwa kutokuwepo. Na Mungu unayemwomba alikuwepo pale pale kwenye robot, ungesimama ukamwomba huko.

Halafu unasema hakuna anayejua. Anajua Mayasa! Huyo unayesema Kiswahili anakisikia tu, basi alikusikia. Alikaa na hesabu zake mbele, akamsikia mama yake nyuma ya pazia, hakugeuka, hakukufukuza, na walipomuuliza akajitwika yeye. Uongo ni uongo, na ataomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Ila usijifanye hujui aliusema kwa ajili ya nani.

Ya redio achana nayo. Duni mshukuru kwa kukusomea barua, ushauri wake mrudishie. Ukiongeza uongo wa tatu juu ya huo wa mtoto na huo baba anaouandaa, hakuna mkalimani duniani atakayewatoa hapo.

Leo hii, kabla hamjala, kaa na Mayasa na baba yake na useme ulikuwa wapi. Baba atafoka. Mwache afoke, heri afoke nyumbani kuliko kwenda kuapa uongo mbele ya watu. Kisha waandikieni shule, msingoje Alhamisi iwakute. Mayasa asahihishe maneno yake mwenyewe, na wewe ueleze ulisimama wapi na ulisema nini, neno kwa neno. Omba wamtafute mkalimani wao, asiwe Duni wala binti yako, wamsikilizishe ile sauti. Anayekijua Kiswahili ataitambua dua. Na omba Mayasa arudie mtihani huko huko shuleni, maswali mapya, mbele ya macho yao. Kama zile hesabu alizifanya kwa kichwa chake, hataogopa. Kama anaogopa, mjue mapema, mumtafutie mwalimu wa kumfundisha.

Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Wanaweza kusema kosa la pili ni kosa la pili, na mwanao akarudia somo mwaka mwingine. Itauma, nawe utaumia kuliko yeye. Lakini atalirudia akijua mama yake alisimama upande wake, na mwaka mmoja unapita. Jina la mwizi wa mtihani ndilo huwa linachelewa kutoka. Wakikubali arudie, siku hiyo nenda msikitini, ukae huko mpaka akupigie simu. Huko omba hata kwa kupaza sauti.

Najua unaogopa kusimama mbele ya wale watu na Kiingereza chako cha vitambaa. Kiache dukani. Mkalimani atakuwepo, na maneno unayohitaji ni machache, tena mojawapo wameshalisikia, ila walilisikia vibaya. Simama uwaambie: "Si yeye. Ni mimi."

Na safari hii usinong'one.

Dada Jelimo