Kereng'ende Nisiyemwona

Alhamisi baada ya Magharibi, 1954

Ulikuwa wapi wewe mwanamke, mwezi mzima daftari limelala chini ya godoro? Najijibu mwenyewe: niliogopa kuandika nisichoweza kukisoma.

Leo tulikwenda kijitoni Msimbazi kulowesha miyaa ya mikeka, mimi na shoga yangu Mwanahawa. Akasema, "Mtazame yule kereng'ende mwembamba kwenye tete, kakunja mbawa mgongoni kama khanga mpya."

Nikasema, "Namwona, mzuri." Uwongo mtupu. Niliona maji na kiwingu.

"Unamwona wapi, kikongwe we? Karuka zamani!"

Nikamtukana, tukacheka. Mimi nilicheka kwa kujikaza.

Baadaye mdudu mwenyewe akaja kutua kidoleni pangu. Nikamsogeza taratibu hadi karibu na pua, nikamwona: buluu, mwembamba kama uzi wa hariri. Basi karibu bado naona. Mbali ndiyo...

Mwanangu Zuhura ndiye aliyenifundisha hizi herufi, na ndiye ninayemficha. Akijua atanikataza kusuka, na mimi bila ukili mkononi nitakaa nikitazama nini?

Ukirudi kwenye daftari hili, bibi wewe, uwe umeshamwambia. Kama hujamwambia, usilifungue.